Siku Mume Wangu Alipofaulu Mtihani wa Bima

Asubuhi hii, kama kila asubuhi, nimemwekea marehemu mume wangu kibakuli cha wali wa moto mbele ya picha yake, nikagonga kengele ndogo kama tunavyowafanyia wafu wetu, nikamwambia, "Tokuji, leo nawasimulia wasomaji wangu habari ya mtihani. Usinikasirikie." Kwenye picha hakasiriki. Amevaa kofia ya udereva wa treni na anatazama mbele. Naandika kwa sababu nikisahau mimi, hakuna mwingine wa kukumbuka.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua tulipofika. Daktari alishatuambia kwamba ubongo wa Tokuji unaliwa na ugonjwa usio na dawa. Nao unakuja na kuondoka kama jua la Februari huku kwetu kwenye theluji: sasa hivi ana akili zake zote, punde anaona abiria wamekaa chumbani kwetu na anawaomba tiketi. Mimi nilianguka nikimwinua kutoka kwenye beseni la kuogea, na hospitali ikagundua kwamba mfupa wa nyonga yangu unakufa.

"Tusipokupasua kabla theluji haijayeyuka, hutatembea tena," daktari wa mifupa aliniambia.

"Nikilazwa, nani atakaa na mume wangu?"

"Hamna watoto?"

"Hatukujaliwa."

"Basi omba bima ya utunzaji, mama. Hiyo ndiyo kazi yake."

Bima hiyo tunakatwa sote tangu tunapofika miaka arobaini, tupende tusipende. Kadi yake ninayo. Lakini kadi haifui mashuka. Ili bima ikubebe, mtu wa manispaa lazima aje nyumbani, akutazame, akuulize maswali, ndipo wakubwa wakae waamue uko taabani kiasi gani. Ukiwa taabani sana, unapata kitanda kwenye nyumba ya wazee. Ukiwa taabani kidogo, unapata kidogo. Ukiwa mzima, unabaki na mkeo.

Nikaomba. Tukapangiwa siku. Mambo yakaharibika pale nilipomwambia Hatakeda.

Hatakeda alifundishwa kazi ya reli na mume wangu. Wote wawili walishastaafu, lakini kila alipoingia kwetu alivua kofia na kumwita Tokuji "Mkuu". Mimi ananiita shemeji.

"Mtu wa manispaa anakuja kumuuliza maswali?" akauliza.

"Ndiyo."

"Maswali gani, shemeji?"

"Leo siku gani, majira gani, yuko wapi. Halafu anyanyue mikono, asimame kwa mguu mmoja."

Macho ya Hatakeda yakang'aa. "Huo ni mtihani!"

"Si mtihani, Hatakeda."

"Muulizaji yupo, mjibuji yupo, matokeo yapo. Sasa wewe unauitaje?"

Kutoka chumba cha pili, Tokuji, ambaye hakuwa amesema neno tangu alipoamka, akauliza, "Mtihani? Lini?"

Nikageuka kumtazama. Alikuwa amekaa wima. Uso ule sikuwa nimeuona tangu kabla theluji haijaanza. Nilitaka kumwambia kwamba safari hii, mume wangu, tunaomba ufeli. Badala yake nikamtajia tarehe.

Dereva wa treni kwetu hupimwa maisha yake yote. Hupimwa macho, masikio, kanuni, breki. Tokuji hakuwahi kufeli hata mara moja, na vijana wake aliwafundisha kwa njia ile ile ya watu wote wa reli: kitazame kitu, kinyooshee kidole, kitamke kwa sauti. Taa ya kijani, nenda! Mwendo, sawa! Ulichokinyooshea kidole na kukitamka hakikuponyoki.

Basi Hatakeda akawa anakuja kila siku baada ya chakula cha mchana.

"Mkuu, leo?"

Tokuji ananyoosha mkono kwenye kalenda. "Jumanne, mwezi wa pili, sawa!"

"Majira?"

Mkono dirishani, ambako theluji ilikuwa imefika usawa wa kioo. "Baridi, sawa!"

"Tupo wapi?"

"Nyumbani kwangu, sawa!"

"Na huyu je?"

Kidole kikanijia. Nilikuwa namenya figili. Kidole kikabaki kinaning'inia hewani.

"Huyu ni mpishi," Tokuji akasema.

"Aa, Mkuu! Huyu ni shemeji. Mkeo, Mineko."

"Mke wangu Mineko, sawa!"

"Mpishi, eti?" nikasema. "Haya, kesho mpishi amegoma. Mtakula theluji, wewe na mwalimu wako."

Wakacheka mpaka Hatakeda akajifuta machozi. Na mimi nikacheka. Ilikuwa imepita miezi bila kicheko ndani ya nyumba ile. Nani angekuwa na moyo wa kukizima?

Siku yenyewe ilipofika, nilifanya ambalo kila mwanamke wa kwetu angefanya mgeni akija. Nilisugua mikeka mahali alipojikojolea. Nilifukiza ubani kuua harufu. Nepi zake nilizificha kabatini chini ya magodoro. Nikamnyoa, nikamvalisha suti aliyoagwa nayo kazini. Hatakeda alikuja mapema akakaa pembeni, mikono juu ya mapaja, kama mzazi shuleni.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, jina lake Bi. Kasai. Alipopiga magoti na kuinama, Tokuji aliinama pia, chini kabisa, mgongo umenyooka kama ubao.

"Karibu sana. Pole kwa baridi," akasema. "Mineko, mletee mgeni chai."

Jina langu lilimtoka hivi hivi, bila kidole.

"Mzee Oyamada," akamwita kwa jina letu la ukoo, "unaweza kunyanyua mikono yote miwili?"

Akanyanyua.

"Kusimama kwa mguu mmoja?"

Akasimama. Mimi ninayemshika kiuno kila akienda chooni, nilimwona kwa macho yangu amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Bi. Kasai akaweka mbele yake kalamu, saa na ufunguo, akavifunika kwa kitambaa, akachukua kimoja, akavifunua vilivyobaki. "Kipi kimeondoka?"

"Ufunguo," Tokuji akajibu. "Na ukiondoka nao, mama, nitakuja kukudai ofisini kwako."

Bi. Kasai akacheka. Hatakeda akapiga paja lake.

"Chooni unakwenda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Usiku huamki ukatoka nje?"

"Nje kuna nini usiku? Theluji tu."

Bi. Kasai akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Tokuji hakunitazama. Alikuwa anatazama mbele, taya zimebana, kama mtu anayesubiri ishara. Mke hamwaibishi mumewe mbele ya mgeni. Hilo hatufundishwi, tunalinyonya na maziwa ya mama.

"Kama anavyosema mwenyewe," nikajibu.

Mlangoni, Bi. Kasai alivaa viatu vyake polepole sana. Baadaye nilielewa kwamba wakaguzi wote hufanya hivyo. Ndiyo nafasi wanayowapa watu kama mimi.

"Mama," akaninong'oneza, "kuna jambo ungependa kunieleza tukiwa wawili?"

Nikafungua mdomo. Nyuma yangu nikasikia magoti yakigusa sakafu. Tokuji amekuja mwenyewe kumuaga mgeni, ameinama mpaka paji la uso liko kwenye mbao.

"Hapana," nikasema. "Ahsante kwa kuja katika baridi hii."

Gari lake lilipoondoka, Hatakeda alimkumbatia Tokuji, akafungua bia. "Mkuu! Hujakosa hata moja!"

Kabla ya chakula cha jioni, Tokuji alifungua kabati la magodoro akalikojolea, akidhani ni choo. Nilipomshika mkono alinisukuma ukutani. "Abiria haruhusiwi humu," akaniambia.

Jibu lilikuja. Wakubwa walikuwa wamekaa na kuamua: mzee anajitegemea. Hastahili.

Nilimpigia Hatakeda simu ili tu nisilie peke yangu. Hakungoja nimalize.

"Anajitegemea? Wamesema hivyo kwa maandishi?"

"Hatakeda, nisikilize."

"Naja!"

Alikuja na mkewe, wamebeba sinia la wali mwekundu wa kunde, ule unaopikwa mtoto akifaulu shule au binti akiolewa. Waliupakua, wakampa Tokuji kwanza. Mke wa Hatakeda akanishika bega, akasema, "Hongera, dada. Raha iliyoje mume akizeeka mzima." Nikala. Nikasema ni mtamu.

Hospitali nayo ilikuwa inaningoja. "Mama Oyamada, kitanda chako tunakiweka mpaka lini?" muuguzi aliuliza kwenye simu. "Wapo wengine kwenye foleni."

"Nipeni muda kidogo."

"Mfupa hautoi muda, mama."

Nikajikokota hadi kituo cha ushauri cha mtaa wetu. Dada aliyenipokea alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Uliosha nyumba?"

"Niliosha."

"Ulimvalisha suti?"

"Ndiyo."

"Hapa kwetu wote mnafanya hivyo," akasema. "Mnampokea mkaguzi kama mnampokea mkwe. Sasa omba tena, kwa sababu hali yake inazidi. Usipige deki. Usimnyoe. Na yale yote ya kabatini yatoe yaonekane. Ukiulizwa, sema. Sema mbele yake kama hapana njia."

"Mbele yake?"

"Unataka kutembea au hutaki?"

Kilichobaki kilikuwa Hatakeda. Nilimsimamisha uani, akiwa na koleo la theluji mkononi, maana alikuwa akituondolea theluji ya paani bila kuombwa.

"Safari hii usije," nikamwambia.

"Kuna safari nyingine? Si alishafaulu?"

"Alifaulu ndiyo maana tunakufa, Hatakeda."

Nikamweleza yote. Bima, nyonga, kitanda cha nyumba ya wazee, kabati. Alisikiliza huku uso unageuka.

"Kwa hiyo unataka kumfelisha," akasema. "Unataka Mkuu wangu aonekane kichaa mbele ya karani wa manispaa. Mtu aliyepitisha treni kwenye dhoruba bila kuchelewa!"

"Nataka apate wa kumtunza."

"Wa kumtunza si wewe? Mama yangu alimtunza baba akiwa amepinda mgongo hivi, hakusema neno."

"Mama yako alikuwa na wakwe wanne ndani ya nyumba. Mimi nina wewe na sinia lako la wali."

Akachomeka koleo kwenye theluji, akaondoka. Paa likabaki nusu limefagiliwa, nusu limelemewa.

Siku ya pili ya mkaguzi, Tokuji aliamka vibaya. Alimimina supu juu ya kalenda. Alivaa shati miguuni. Alipoulizwa jina lake alinitazama kama nimemtukana. Na mimi nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu niliwaahidi kuandika yote: nilimtazama mume wangu wa miaka yote ile akihangaika na mikono ya shati kwenye mapaja, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Bakia hivyo, nikamwomba. Bakia hivyo hivyo mpaka afike.

Sikumnyoa. Sikupiga deki. Nepi nilizipanga sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka maua.

Gari la Bi. Kasai likasimama nje. Tokuji akainua kichwa. Nikaona macho yake yakirudi, taratibu, kama taa za nyumba umeme ukirudi.

"Mgeni?" akauliza. "Na nyumba iko hivi?"

Bi. Kasai aliketi, akatazama nepi, akanitazama mimi, akaelewa. Alianza na maswali yale yale. Tokuji alijibu. Majira alijua. Nyumbani alijua. Siku alikosea, lakini akatania kwamba mstaafu kila siku kwake ni Jumapili.

"Chooni unakwenda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Haendi mwenyewe," nikasema.

Sauti yangu mwenyewe ilinitisha.

"Anakojoa kabatini," nikaendelea. "Anakojoa kwenye viatu. Anatoka nje kwenye theluji na nguo za kulalia, nimemfuata mpaka kwenye njia ya reli. Anaona watu wasiokuwapo. Amenipiga. Si yeye anayenipiga, najua, lakini mkono ni wake. Jina langu halijui. Siwezi tena kumwinua. Mfupa wangu unakufa, Bi. Kasai, na yeye ananifia mikononi, na siku ulipokuja nilisema uongo kwa kuona aibu."

Bi. Kasai aliandika bila kuinua macho.

Tokuji alikuwa amekaa wima. Alinisikiliza neno kwa neno. Kisha akajigeuza pale alipo, akaniinamia, mikono miwili sakafuni, jinsi asivyowahi kuniinamia hata siku ya harusi.

"Nimekutesa muda mrefu," akasema. "Nisamehe, Mineko."

Halafu akamwelekea Bi. Kasai. "Andika anavyosema. Mimi ni mzigo. Mnichukue, yeye akatibiwe mguu."

Kalamu ya Bi. Kasai ilisimama. Aliniangalia kwa huruma, na katika huruma ile nikaona tumekwisha. Mgonjwa gani wa akili anasema maneno kama hayo?

Mlangoni nilimshika mkono wa koti. "Umemwona leo. Lakini asubuhi hakuwa hivi. Nakuapia."

"Mama, nimeandika kila ulichosema," akajibu. "Lakini lazima niandike na nilichokiona. Sina ruhusa ya kuacha kimoja."

Akainama, akaondoka. Nikarudi ndani nikiburuta mguu. Nilitaka kukaa karibu naye tu. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniomba msamaha, na sasa ameniomba, nami nimemvua nguo mbele ya mgeni. Nikapiga magoti mbele yake.

"Tokuji."

Alinitazama kwa adabu, jinsi unavyomtazama mtu mliyekaa naye benchi moja.

"Samahani, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu ameshaondoka?"

"Nini?"

"Yule mwenye koti. Nimemwomba msamaha, umesikia mwenyewe. Amekubali? Sikuuona uso wake vizuri."

Nilijua jambo moja tu: Bi. Kasai lazima ayasikie maneno haya, sasa hivi, kwa masikio yake, kabla hajafika ofisini. Nilinyanyuka kwa kushika ukuta, nikasukuma mlango, nikatoka na soksi. Gari lilikuwa bado kwenye uchochoro, linarudi nyuma polepole kati ya kuta za theluji.

"Bi. Kasai! Rudi! Rudi umsikie!"

Nikapunga mikono yote miwili. Taa za breki ziliwaka. Nilidhani ameniona. Kisha zikazimika, gari likakata kona, likaenda.

Nyuma yangu nikasikia mlango ukivutwa, na komeo likiangushwa kwa ndani.

"Tokuji! Fungua! Ni mimi."

"Nani?"

"Mineko. Mkeo."

"Mineko ameondoka na mgeni," akasema upande wa pili wa mlango, kwa upole kabisa. "Mume wake yuko hapa anamsubiri. Nenda kwenu, mama, utapata baridi."

"Tokuji, jiko la mafuta linawaka humo. Usiliguse. Fungua kwanza."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, na sauti ikawa inakwenda mbali. "Ngoja nimwekee chai. Atarudi na baridi."

Nikasikia birika likiburuzwa juu ya chuma. Nikasikia likianguka, maji yakifoka juu ya mikeka, na kitu kingine kizito kikianguka baada yake. Nikamwita. Nikaita tena. Uchochoro mzima ulikuwa kimya, na harufu ya mafuta ya taa ikaanza kupita chini ya mlango, na nyonga yangu haikuniruhusu hata kuupiga teke.